CPR kwa mtu aliyezama maji: mwongozo kamili, na kwa nini unaanza na pumzi

Nimekulia karibu na mwalo, Ziwa Victoria, na mtu wa mwaloni atakwambia kuzama sio habari ya gazetini, ni habari ya jirani. Nikiwa darasa la sita walimtoa majini kijana mmoja tuliyekuwa tunacheza naye, wakubwa wakamshika miguu wakamning'iniza kichwa chini wakawa wanamtikisa ili maji yatoke, yakatoka kidogo watu wakashangilia wakidhani ndo anapona, afu wakamlaza kifudifudi juu ya tairi la lori wakawa wanamkamua mgongo, mwisho wakampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili kumkimbiza zahanati. Katika wote wale hakuna hata mmoja aliyempa pumzi. Na sio kwamba hawakumpenda, wale wazee walilia siku ile, walifanya kile walichokijua. Mimi nimekuja kujifunza CPR, yaani kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua mtu asiyepumua, ukubwani kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, na siku mkufunzi alipoeleza ni nini hasa kinamuua mtu aliyezama ilibidi nitoke nje ya darasa kidogo maana nilikuwa namuona yule kijana.

Ndo maana naandika hii kwa urefu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani watu kama 300,000 walikufa maji mwaka 2021 dunia nzima, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Sio wote wamefia baharini au kwenye meli, wengine ni ndoo ya maji ya kufulia, pipa, karo, kisima kisicho na mfuniko, shimo lililochimbwa mchanga likajaa maji ya mvua. Yaani hata kama unaishi Dodoma mbali na bahari hii inakuhusu.

KWANZA UELEWE KINACHOMUUA

Usiruke hapa maana ukishaelewa hii hutasahau hatua hata ukiwa umechanganyikiwa.

Mtu anayeanguka ghafla kwa moyo, mfano mzee ameketi anakula mara kaanguka, damu yake wakati huo bado ina oksijeni, tatizo ni pampu imesimama. Huyo ukimbonyeza kifua tu bila kumpulizia pumzi kwa dakika za mwanzo bado unamsaidia sana, na ndo maana kuna kampeni nyingi zinasema bonyeza kifua tu inatosha. Sasa aliyezama ni kinyume chake. Yeye alianza kukosa hewa, oksijeni kwenye damu ikaisha, ubongo ukazimika, moyo ukahangaika na damu isiyo na kitu mpaka nao ukasimama. Ukimbonyeza kifua bila kumpa pumzi unazungusha damu tupu. Kwahiyo kwa aliyezama pumzi ndo dawa yenyewe, na wengine wakitolewa mapema moyo unakuwa bado unadunda kwa mbali, pumzi chache tu za mwanzo zinatosha kumrudisha kabla hata hujagusa kifua.

Na hewa unayoitoa wewe sio uchafu kama watu wanavyodhani. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21, tunayoitoa inabaki na kama 16, hiyo inamtosha kabisa mtu ambaye hana hata kidogo.

Sasa na maji aliyokunywa? Hapa ndo kwenye msiba wetu. Maji mengi yanayotoka mtu akining'inizwa yanatoka TUMBONI, hayatoki kwenye mapafu. Yanayoingia kwenye mapafu kwa kawaida sio mengi na huwezi kuyamwaga kama unamwaga dumu, mwili wenyewe unayafyonza. Unapomkamua tumbo unachofanya ni kupandisha matapishi yaje yaingie kwenye njia ya hewa, afu juu ya hapo umepoteza dakika mbili tatu. Ubongo usiopata oksijeni unaanza kuharibika ndani ya dakika 4 mpaka 6 hivi, hizo dakika za tairi ndo zilikuwa dakika zake.

Na wala tusijione sisi tu ndo washamba. Amsterdam mwaka 1767 watu walianzisha chama cha kuokoa waliozama kwenye ile mifereji yao, na kati ya njia walizokuwa wanashauri ilikuwa kumpulizia mtu moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa. Nao walikuwa na nia njema. Ilichukua muda mrefu sana, miaka ya 1950 mwishoni ndo daktari Peter Safar na wenzake Marekani wakaonyesha kwa vipimo kwamba kupuliza mdomo kwa mdomo ndo kunaingiza hewa, na mwaka 1960 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, wakatoa habari ya kubonyeza kifua. Vikaunganishwa vyote viwili ndo hii CPR. Ukiona mzee kwenu anaweka tairi usimtukane, mwelekeze.

USIWE MAITI YA PILI

Hii naisema haraka ila ni nzito. Mtu anayezama akikushika hakuachii, anakupanda kichwani. Waliokufa wakimfuata ndugu yao majini ni wengi mno, baba na mtoto siku moja. Mnyooshee kitu: upondo, kafi, tawi la mti, kanga mbili zilizofungwa pamoja. Mrushie kinachoelea, dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko vizuri linambeba mtu mzima, ukiwa na kamba ndo bora zaidi. Kama kuna mtumbwi nenda na mtumbwi. Kuingia na mwili wako iwe umefundishwa uokoaji na umeshika kitu cha kuelea.

Akishatoka mlaze chali sehemu ngumu na tambarare. Ufukweni usimlaze kichwa kikiwa juu au chini kwenye mteremko, mlaze sambamba na ukingo wa maji ili kichwa na miguu viwe usawa mmoja, na mchanga ulioloa ni mgumu kuliko mkavu kwahiyo usihangaike kumpeleka mbali kule juu kwenye mchanga laini, alimradi mawimbi hayawafikii. Ndani ya mtumbwi usijaribu kubonyeza kifua kama unayumba, mpe pumzi tu mpaka mfike.

HATUA ZENYEWE

1. Muite na umtikise mabega. Sema kwa sauti, kaka, dada, unanisikia? Kama unamjua jina mwite jina. Hajibu, angalia kifua kama kinapanda na kushuka, weka sikio karibu na mdomo wake usikilize, yote hii isizidi sekunde 10. Hesabu kimoyomoyo.

Kuwa makini na kitu kimoja kinachodanganya watu sana: unaweza kumuona anafungua mdomo na kuvuta mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini, au anakoroma kwa mbali kisha kimya kirefu. HUKO SIO KUPUMUA. Ni mwili unakata. Huyo mhesabu kama hapumui na anza mara moja. Habari ya kutafuta mapigo shingoni waachie wahudumu wa afya, mtu wa kawaida mwenye mikono inayotetemeka anaweza kuhisi mapigo yake mwenyewe akadhani ni ya mgonjwa.

2. Omba msaada kwa kumnyooshea mtu kidole. Usipige kelele hewani "jamani piga simu", kila mtu atadhani mwingine anapiga. Sema wewe mwenye fulana nyekundu piga simu, wewe mama tafuta gari lenye sehemu ya kulaza mtu, wewe ondoa watoto hapa. Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, dharura 112. Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wana 1199. Kama uko peke yako na simu unayo weka spika iwe chini pembeni huku unaendelea. Kama uko peke yako na simu huna, aliyezama unampa kwanza pumzi na CPR kama dakika 2 ndo ukatafute mtu, usimwache hivyo hivyo ukakimbia.

3. Fungua njia ya hewa. Mkono mmoja kwenye paji la uso, vidole viwili vya mkono mwingine chini ya mfupa wa kidevu, laza kichwa nyuma huku unanyanyua kidevu. Mtu aliyezimia ulimi unaanguka nyuma unaziba koo, hapo ndo unauondoa. Chungulia mdomoni, kama kuna tope, majani, meno ya bandia yaliyolegea, toa kile unachokiona. Usichokiona usikichimbe kwa kidole, utakisukuma ndani. Kama alipiga mbizi akagonga kichwa chini, wale wanaorukia kutoka gatini kwenye kina kifupi, mshike kichwa taratibu bila kukipindisha, lakini pumzi bado ndo ya kwanza, shingo nzima kwenye maiti haisaidii.

4. Pumzi za kuanzia. Minya pua yake ifunge kabisa, vuta hewa ya kawaida, weka mdomo wako uzibe mdomo wake wote pasiwe na upenyo, puliza kwa sekunde 1 hivi huku jicho linaangalia kifua. Kifua kikipanda umefanikiwa. Acha kishuke, puliza tena. Utasikia wengine wanafundishwa pumzi 2 za kuanzia na wengine 5, zote ni sahihi, miongozo ya Marekani inasema 2 na ya Ulaya inasema 5, kwahiyo msigombane mbele ya mgonjwa. Mimi kwa aliyezama natoa 5 maana najua ninachokipambania.

Usipulize kama unajaza puto. Ukipuliza kwa nguvu sana hewa inaenda tumboni, tumbo linavimba, atatapika. Kifua kikianza kunyanyuka inatosha. Na kama hakipandi kabisa rudisha kichwa vizuri, mara nyingi tatizo ni kichwa hakijalala nyuma au pua inavuja.

Mapovu. Aliyezama anaweza kutoa mapovu meupe au ya pinki mdomoni na puani na hayaishi, unafuta yanakuja, unafuta yanakuja. Usipoteze muda na mapovu, puliza humo humo. Matapishi ni tofauti, yenyewe lazima yatoke, nitaeleza.

5. Kifua. Baada ya pumzi za kuanzia kama hajaanza kupumua wala kujikunja, piga magoti kando ya kifua chake. Vua au pandisha nguo upaone. Weka kitako cha kiganja, ile nyama ngumu karibu na kifundo cha mkono, katikati ya kifua juu ya nusu ya chini ya mfupa wa kidari, weka mkono wa pili juu yake, funga vidole, vidole visilale kwenye mbavu. Sio upande wa kushoto kwa sababu eti moyo uko kushoto, katikati. Na usishuke mpaka kwenye chembe cha moyo pale chini, hapo unabonyeza tumbo na ini.

Nyoosha mikono viwiko visipinde, mabega yako yawe juu ya mikono yako, bonyeza kwa uzito wa mwili wako wote sio kwa misuli ya mikono, mikono pekee itachoka kabla ya dakika. Mtu mzima kifua kishuke sentimita 5, isizidi 6. Upana wa vidole vyako vitatu vikiwa pamoja ni karibu na hapo, na ni kina kirefu kuliko unavyofikiria, watu wengi wanabonyeza kama wanapapasa. Kila ukishuka achia kifua kirudi juu chote, usibaki umemlalia, maana kile kurudi juu ndo damu inajaa kwenye moyo tena.

Mwendo ni mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kipimo changu ni hiki: mabonyezo 30 yaishe kati ya sekunde 15 na 18. Jaribu sasa hivi na saa ya simu yako ukiwa unagonga meza, utashangaa, wengi wanaanza polepole mno au wakiwa na hofu wanakimbia kama wanapiga ngoma ya harusi na kifua hakipati muda wa kurudi. Hesabu kwa sauti, inakusaidia wewe na anayekuja kukupokea.

Unaweza kusikia kitu kinakatika. Ubavu au gegedu. Inatisha na mwili mzima utasisimka, ila usiache, rekebisha mkono uwe katikati na uendelee. Ubavu unaungwa.

6. Thelathini kwa mbili. Mabonyezo 30, pumzi 2, mabonyezo 30, pumzi 2. Ukienda kupuliza mapumziko ya kifua yasizidi sekunde 10, pumzi mbili kifua kipande kisipande unarudi kubonyeza. Ile damu unayoisukuma ukisimama inasimama, inabidi uanze kuisukuma upya.

Mizunguko 5 ni kama dakika 2, hapo mpokezane hata kama unajisikia una nguvu. Uchovu unakuja bila kukuambia, kina kinapungua wewe unaona uko sawa. Anayepokea apige magoti upande wa pili awe tayari, mwingine akisema "mbili" ya pumzi huyu anaanza. Ukiwa na watu wanne waliokuwa wanapiga makelele ufukweni wapange mstari wapokezane, watu wanapenda kusaidia wakiambiwa cha kufanya.

AKITAPIKA

Atatapika. Jiandae kwa hilo kabisa, kwa aliyezama ni kawaida kuliko kutotapika. Mgeuze mwili mzima ubavu, kichwa na mwili vigeuke pamoja, acha yatoke, futa mdomo kwa kidole kilichofungwa kitambaa au pindo la kanga, mrudishe chali uendelee ulipoishia. Sekunde chache tu. Hapo ndo watu wengi wanaachia wanasema "maji yametoka amepona", hapana, angalia kifua.

MTOTO MKUBWA NA MTOTO MCHANGA

Mtoto wa mwaka 1 mpaka anapobalehe hatua ni zile zile, tofauti ni nguvu. Tumia mkono mmoja, kama mtoto ni mkubwa kiasi au mkono mmoja hautoshi tumia miwili, kifua kishuke theluthi moja ya unene wake, kama sentimita 5. Pumzi ndogo, angalia kifua.

Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja, huyu ndo wa kwenye ndoo na beseni, kichwa usikilaze nyuma sana, pua iangalie juu tu kama ananusa, maana shingo yake ikipinda sana njia inajiziba. Mdomo wako uzibe mdomo NA PUA yake pamoja, na hewa iwe ile ya kujaza mashavu yako tu. Kifua unamshika kwa mikono miwili ukimzungushia vidole mgongoni na vidole gumba viwili vibonyeze katikati ya kidari chini kidogo ya mstari wa chuchu, au kama mikono haifiki tumia kitako cha kiganja kimoja, kina ni sentimita 4 hivi. Thelathini kwa mbili kama kawaida. Wahudumu waliofundishwa wakiwa wawili wanatumia 15 kwa 2 kwa watoto, wewe wa nyumbani usijisumbue kubadili hesabu.

Kina mama, naomba hii mfundishane hata wakati wa kusukana. Mtoto anazama kwenye maji ya kina kidogo sana na anazama kimya, hapigi kelele, kichwa chake ni kizito akiinamia ndoo hawezi kujinyanyua.

MDOMO WA MTU NISIYEMJUA?

Naulizwa hii kila ninapofundisha na ni swali halali. Virusi vya Ukimwi haviambukizwi kwa mate. Kama una ile barakoa ya kupulizia yenye valvu itumie, inauzwa na ni ndogo inakaa kwenye begi, wenye boti na wenye bwawa la kuogelea wawe nayo bila mjadala. Leso nyepesi inaweza kukupa moyo ila ujue haizuii sana. Kama mdomo wa mtu una damu na huna kinga, au umeshindwa kabisa kupuliza, basi bonyeza kifua mfululizo bila kusimama, kwa aliyezama ni pungufu lakini ni bora mara elfu kuliko kusimama unarekodi video.

Afu kuna la pili ambalo watu hawalisemi wazi, mwanamke amezama na waliopo ni wanaume tu, watu wanaona aibu kumshika kifua na kumwekea mdomo. Huku pwani nimeona mtu anafunikwa kanga vizuri kabisa na haguswi. Ndugu zangu, kuokoa nafsi ni dharura, na dharura ina hukumu yake hata wenye elimu ya dini wanalifahamu hilo. Akina mama waliopo wasimame duara na kanga zao wamsitiri, wewe fanya kazi.

PIKIPIKI NA HOSPITALI

Hapa miongozo ya vitabuni imeandikwa kwa nchi ambazo ambulensi inafika haraka, sisi tunajua hali yetu. Swali ni lini umsogeze.

Ninavyoona mimi, kosa kubwa kuliko yote baada ya tairi ni bodaboda. Mtu asiyepumua ukimbana katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, kichwa kimeanguka kifuani, njia ya hewa imefungwa, hakuna pumzi hakuna kifua, kilomita sita za barabara mbovu, anafika ameshakwenda. CPR inaanzia pale pale alipotolewa, dakika za mwanzo hazihamishiki. Watu wengi wanaorudi wanarudi kwenye pumzi za mwanzo, pale pale kwenye mchanga. Anza, endelea, wakati huo wengine watafute gari. Likipatikana pickup au Noah ambayo viti vinalala, mpandisheni haraka amelala chali, wawili wapande naye waendelee 30 kwa 2 huku dereva anaenda kwa mwendo wa kuweza kufanya kazi sio wa kupinduka. Haitakuwa nzuri kama chini ila ni CPR.

Kama kuna hoteli au uwanja wa ndege jirani uliza kama wana mashine ya kushtua moyo, ile AED. Wakiileta mtoe kwenye dimbwi, mkaushe kifua kabisa kwa taulo maana zile pedi hazishiki kwenye ngozi iliyoloa, iwashe na ufuate inachosema. Usisimamishe pumzi kuisubiri, kwa aliyezama pumzi ina kazi zaidi kuliko ile mashine.

Mpaka lini? Mpaka aanze kupumua au kujitikisa, mpaka wahudumu wa afya wapokee, mpaka muishiwe nguvu wote, au pale penyewe pawe hatari. Zile habari za mtu kazama zaidi ya nusu saa akaamka nyingi ni za maji ya barafu huko kwenye baridi, maji yetu ni ya uvuguvugu hayatupi huo muda, ndo maana nasisitiza anza hapo hapo. Na wengine hawatarudi hata ukifanya kila kitu sawasawa. Nimebonyeza kifua cha mtu kwa muda mrefu sana bila kurudi na nimelala usiku ule kwa shida, ila mama yake alijua watu walipambana na mtoto wake na mimi pia nilijua.

AKIRUDI

Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu, mkono wa chini mbele, goti la juu limepinda lisimwache akabingirika, kichwa kimelala nyuma kidogo mdomo ukiangalia chini ili akitapika yatoke. Vua nguo zilizoloa, mfunike kanga kavu au blanketi. Usimpe chai, usimpe soda, usimpe maji ya glukosi, hakuna cha mdomoni. Mtu mmoja akae naye aangalie kifua chake dakika kwa dakika, wengine wanasimama kupumua tena ghafla na mnaanza upya.

Na HOSPITALI ANAENDA hata kama amekaa anaongea anacheka anasema yuko fiti anataka kwenda nyumbani. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuvimba na kujaa masaa kadhaa baadae, ataanza na kikohozi, pumzi fupi, usingizi usioeleweka, midomo kubadilika rangi. Mtoto aliyezimia majini asilazwe nyumbani "aangaliwe kesho".

Mkifika pale mapokezi mmoja wenu anayejua tukio lote asimame na daktari amwambie haya: alikaa majini muda gani kwa makadirio, yalikuwa maji ya chumvi au ya ziwa au ya shimo chafu, mlimtoa saa ngapi, alikuwa anapumua au la, pumzi ya kwanza mlimpa saa ngapi, CPR ilichukua muda gani, alitapika au la, alirukia kichwa au aliteleza, ana kifafa, alikuwa amekunywa pombe. Ziandikeni kwenye simu mkiwa njiani kwenye gari, mkifika kila mtu anakuwa anaongea kwa wakati mmoja.